Magome ya Mkorosho na Mguu wa Somoe

Wenzangu mliozaliwa juu kule Newala, enzi zile maji yanafuatwa bondeni na kupandishwa mlimani kichwani, harufu hii hamjaisahau: magome ya mkorosho yakichemka kwenye chungu. Unatoka kucheza, unaikuta uwanjani. Unajua kuna mtu ana kidonda, na unaanza kujikagua mwili mzima usije ukawa ni wewe.

Mimi nimesoma mpaka darasa la pili, na hilo la pili lenyewe sikulimaliza. Lakini nyumba yangu ya matofali hapa Lisekese nimeijenga kwa korosho zangu mwenyewe, na hakuna mwanamume aliyeninunulia hata bati moja. Kwa hiyo sioni haya kueleza upumbavu nilioufanya nikiwa mdogo.

Tulilelewa na bibi mzaa mama, mimi na mdogo wangu Somoe. Nisiseme uongo, utoto ulikuwa mtamu. Msimu wa korosho tulikula mabibo, yale matunda yanayobeba korosho, mpaka nguo zote zikawa na madoa kifuani, madoa yasiyotoka kwa sabuni yoyote. Ming'oko, vile viazi vya mwitu, tulichimba wenyewe porini, tukaichemsha, tukaila na chumvi ya pilipili, mikono ikiwa na udongo vilevile. Tulicheza rede kwa mpira wa matambara mpaka koo zikauke, na maji ya kunywa tukapimiwa. Watoto wa siku hizi wakishika vumbi wanataka tishu. Korosho wanaijua ikiwa kwenye pakiti. Mpe yenye ganda lake, atakuuliza inafunguliwa wapi.

Viatu hatukuwa navyo, kwa hiyo vidonda havikutuishia. Bibi ndiye aliyekuwa akitibu watoto wa upande wetu. Magome ya mkorosho aliyachemsha ya kuoshea, majani ya mpera aliyaponda ya kubandika. Alisema magome yanakausha uchafu. Siku hizi nasikia wanasema yanaua wadudu. Mimi ninachojua ni kwamba yaliwasha kama moto na kwamba vidonda vingi vilipona. Kidonda kimoja kilimaliza debe la maji, na nyumba nzima tukaoga kwa vikombe.

"Mke mwenzangu, lete mguu," ndivyo alivyokuwa akituita.

"Bibi, yatauma."

"Yatauma. Lete mguu."

Sasa siku moja, mbaazi zimeshavunwa na miti yake imekatwa kuni, nikawa namkimbiza Somoe shambani. Bibi alikuwa ametukataza kucheza pale, maana visiki vya mbaazi vina ncha kama misumari. Somoe alikuwa na miaka sita hivi. Akakanyaga kisiki kikamchoma kati ya kidole gumba cha mguu na cha pili. Damu haikuwa nyingi. Ningempeleka kwa Bibi yangeishia hapo, ila mimi niliogopa fimbo.

Nilikuwa nimewaona wanaume, akiwemo mjomba wetu, wakijipaka mafuta ya maganda ya korosho kwenye magaga. Nyufa za kisigino zinaziba, mguu unakuwa mgumu kama kwato. Nikawaza, kinachoziba kisigino cha mtu mzima kitashindwaje kuziba kidole cha mtoto? Nikaenda pale tulipokuwa tumechoma korosho, nikaokota maganda yaliyoungua nusu, nikayakamulia yale mafuta meusi ndani ya kidonda. Mnaoyajua mafuta yale, yanavyobabua ngozi laini, mmeshashika vichwa.

Somoe alipiga kelele, nikamziba mdomo kwa kiganja. "Ukimwambia Bibi," nikamwambia, "sikuchukui tena popote." Akatikisa kichwa kwamba hatasema.

Siku mbili alitembelea kisigino. Siku ya tatu Bibi akamshika mguu kwa nguvu. Kidole kilikuwa kimevimba, kinang'aa, na kinanuka.

"Nini hiki?"

"Kisiki, Bibi," nikasema mimi haraka. Ya mafuta nikayameza.

Chungu kikawekwa motoni. Siku ya kwanza aliosha, ya pili akaosha. Badala ya kukauka, nyama ikawa inabanduka. Nilimwona Bibi akinusa magome yake, akiyageuza mkononi, akisema peke yake kwamba mti ni uleule, maji ni yaleyale, sasa kosa liko wapi. Akaenda kubandua mengine kwenye mkorosho wa mbali, jua kali, kwa sababu yangu. Asubuhi ya siku ya tatu Somoe akashindwa kusimama. Mtoki ulikuwa umetoka kwenye kinena, mgumu kama yai, na mstari mwekundu umepanda kutoka kidoleni mpaka gotini. Mwili ulikuwa moto. Nilipokaa karibu naye aliniangalia tu. Nilimwambia asiseme, na alikuwa hajasema.

Nikamfuata Bibi kwenye kinu. "Bibi, nilimpaka mafuta ya korosho."

Mchi ukasimama. Nikafumba macho kusubiri kofi.

"Lini?"

"Palepale alipochomwa."

"Na mimi naosha moto kwa moto," akasema. Halafu akauendea uwanja, akakiinua chungu, akayamwaga yale maji yote chini. Wenzangu mnaelewa. Nyumba ile hakuna aliyewahi kumwaga maji. Angenichapa nisingeogopa vile.

Mjomba akaitwa, naye alikuwa ndiye msemaji wa ukoo. "Mama, hospitali watamkata mguu," akasema. "Tungoje kidogo. Yuko mzee mmoja ana mizizi, wanamsifu, inashusha mtoki."

"Dawa yangu imefika mwisho," Bibi akamjibu. "Na huyo mzee wako hajui mtoto kapakwa nini. Toa baiskeli."

"Lakini Mama—"

"Toa baiskeli, baba."

Somoe akafungwa kwa kanga kwenye keria. Mjomba akasukuma, Bibi akatembea pembeni ameshika ule mguu usining'inie. Mimi nikaachwa kwa jirani. Nilifagia uwanja ule mara ngapi sijui. Kila baiskeli iliyokuja njiani niliitazama keria kwanza, kama ina mtu.

Walikaa huko muda, sikumbuki wiki mbili au tatu. Somoe alirudi akiwa na mguu, ila vidole viwili havipo. Daktari alimwambia Bibi kwamba siku mbili zaidi wangerudi na maiti. Bibi hakunichapa, wala hakulitaja tena jambo lile mpaka anakufa. Somoe aliposhushwa kwenye baiskeli alinivuta sikio akaninong'oneza, "Dada, mimi sikusema." Nimezaa, nimezika, lakini sijapata kuambiwa neno zito kama lile.

Siku hizi dawa inakuja na gari lenye spika mnadani. Chupa moja inatibu mtoki, taifodi, kikohozi sugu, uchafu wa damu na nguvu za kiume, na kesho muuzaji yuko wilaya nyingine. Juzi mjukuu wangu Rehema, mwenye kidato cha nne, alijikata mguu kwa panga akipalilia mikorosho. Akaja na simu.

"Bibi, huyu anasema ukipaka mchanganyiko huu bakteria wote wanakufa."

"Mwambie aje auone mguu."

"Bibi nawe, yuko kwenye simu."

"Basi na mguu auone kwenye simu."

Nikauosha kwa maji ya bomba yaliyochemshwa, nikaufunga kitambaa safi, nikaita bodaboda ampeleke zahanati. Rehema akacheka. "Kidonda kidogo hivi? Kumbe Bibi ni muoga."

Nikamwambia ndiyo, mimi ni muoga, panda. Nikapanda nyuma yake.

Enzi zetu palikuwa na mtu mzima wa kuogopa kwa ajili yetu, anayekijua kila kidonda na kujua siku ya kukiachia wengine. Sisi tulicheza tu. Sasa mtu huyo ndiye mimi, na magome yale siyajui hata nusu ya alivyoyajua Bibi.