Chumvi Ndani ya Hangari ya Ndege za Maji

Siku Vahwere alipofika na kamioni ya chumvi, alimkuta Muzee Gustave ameketi katikati ya mlango wa hangari, miguu ameinyoosha nje, kama mtu aliyekaa kwenye kibaraza cha mkwewe. Vahwere alikuwa mwanamke wa Butembo aliyeanza kwa kuuza chumvi kijiko kwa kijiko sokoni Bunia, na mali yake yote sasa ilikuwa juu ya kamioni ile. Mkononi alishika ufunguo aliopewa na karani wa kampuni ya kahawa, wenye hangari, kabla karani mwenyewe hajakimbilia Uganda.

"Muzee, jambo. Sogeza miguu, watu washushe mizigo."

"Ufunguo ile ni ya biro, ya ofisi ya karani," Gustave alisema, hakuinuka. "Mulango hii haina kufuli. Inafungwaka na bega yangu."

Vahwere alichungulia ndani. Mikeka, masufuria, moshi, watoto wanaokohoa. Familia nzima nzima kutoka Bule na vijiji vingine vya Djugu, watu waliokwisha kimbia mara nyingi hata hawakuwa tena na haraka. Ulikuwa mwaka wa 2003, na vita ya Ituri ilikuwa imemchosha kila mtu, hata wale waliokuwa wakiipigana.

"Nani amewapa ruhusa?"

"Mvua," Gustave akajibu.

Vahwere hakucheka, ila alijua amekutana na mtu wa kubishana naye. Nyumbani kwake, mtaa wa Ngezi, askari walikuwa wamekwisha ingia mara mbili. Depo nyingine zilivuja. Na chumvi, mwenye kuiuza anajua, haiogopi moto wala panya. Inaogopa maji tu.

Hangari hiyo haikuzaliwa mjini. Wakati wa vita ya Hitler, Wabeleji waliisimamisha kando ya Ziwa Albert, iwe nyumba ya ndege zao za maji, zile za kijeshi zilizotua juu ya ziwa kama bata. Baba yake Gustave alikuwa mvuta kamba. Aliingia majini hadi kifuani, akaikamata ndege, akaivuta pwani na wenzake kama mbuzi mkaidi. Vita ilipokwisha, ndege hazikurudi. Hangari ikafunguliwa vyuma na mabati, ikapandishwa milimani mpaka Bunia iwekewe kahawa. Mzungu msimamizi, akienda likizo, aliwaambia waashi: ijengeni kama ilivyokuwa ziwani. Waashi hawakutaka kuchapwa fimbo kwa kosa la kufikiri. Kule ziwani sakafu iliteremka, ndege iserereke yenyewe kwenda majini. Basi na huku wakaimwaga saruji ikiteremka vilevile, kuelekea mlangoni, kuelekea barabara isiyo na ziwa lolote. Mzungu aliporudi saruji ilikuwa imekauka. Akatazama, akawasha sigara, akaingia biro.

Baba yake Gustave akafanywa sentineli, mlinzi wa hangari. Alipokufa, Gustave akarithi koti na kiti. Kampuni zilikuja, zikaondoka, mwisho hata mshahara ukasahau njia. Yeye alibaki, kwa sababu hakuwa na mahali pengine alipozoea kuamka.

Vahwere alimwaga kikombe cha maji ukutani kule nyuma. Yakateremka mbio, yakatoka mlangoni, nyuma yake sakafu ikabaki kavu. Hapo moyo wake ukaamua, lakini uso wake haukusema.

"Pahali ni pabaya. Lakini nitachukua nusu. Watu wako wasogee."

"Watu hawasogee. Gunia zako zitapangwa kwa ukuta, pande zote, mpaka kifua ya mutu."

Vahwere aliyatazama mabati ya ukuta. Yalikuwa na matundu ya risasi, na jua liliingia humo kama vijiti.

"Muzee, weye unataka chumvi yangu ikamate risasi, ikufe mbele ya watu."

"Chumvi haikufake. Inatoboka tu."

"Na miye napata nini?"

"Mama Solange hapa ana macho kushinda imbwa. Hakuna mutu ataiba."

Solange, mjane wa Bule aliyekuwa akipepeta mchele uliojaa mawe, alisema bila kuinua kichwa: "Tutalinda. Lakini na sufuria zetu zitaonja, mama. Siye si malaika."

"Gunia moja, kwa wote. Na kushusha, mnashusha bure."

"Ikiisha?"

"Ikiisha mtachukua yenye kutoboka."

Wakapatana.

Mwezi wa tano mji ulilipuka. Vahwere naye alikimbilia hangarini, akalala kifudifudi kati ya watu ambao wiki iliyopita alitaka kuwasogeza. Risasi ziligonga bati, zikaingia gunia, zikanyamaza. Chumvi ilimiminika taratibu kutoka kwenye matundu, na kila alipoisikia alifumba macho. Kisha mvua ikapita kwenye paa lililotobolewa. Maji ya chumvi yakateremka chini ya matumbo yao, yakachoma vidonda vya watoto, yakatoka mlangoni. Jua lilipowaka, nje ya mlango kulibaki ulimi mweupe umelala barabarani. Mtu yeyote aliweza kuusoma.

Wenye silaha waliusoma asubuhi hiyohiyo. Mkubwa wao alichovya kidole, akalamba.

"Chumvi yote kwa kamioni. Na hawa wataenda kuipakua."

Kila mtu alijua waliochukuliwa kubeba mizigo hurudi wachache. Vahwere alisimama, akajipangusa.

"Afande, chumvi ni yangu, miye ndiye nasema bei. Chukua yote, nakuonyesha na ile kavu, usibebe maji bure. Lakini hawa ni wagonjwa, watakufia njiani. Acha watu."

"Nani atapakua?"

"Mutu moja anatosha kuonyesha njia ya kupanga," Gustave alisema, na alikuwa amekwisha vaa koti lake.

Walimchukua. Vahwere hakumzuia, biashara ilikuwa imefungwa, na kuifungua tena ilikuwa hatari.

Gustave alirudi baada ya majuma, akitembea amepinda kiuno, na hakunyooka tena. Alikuta watu wa Bule wamehamia kambi kando ya uwanja wa ndege, na wenye nguvu wameyang'oa mabati ya hangari, vimebaki vyuma tu. Vahwere alikuwa amekwangua chumvi chafu sakafuni, akawauzia wafugaji kwa ng'ombe wao, akaanza upya na maharagwe, kopo kwa kopo.

"Njoo ulinde kwangu, Ngezi," alimwambia. "Utakula."

"Nimelinda vya kutosha, mama. Nitaenda kwa Solange. Wamenipa kona kwa shitingi, turubai yao ya kambi."

Vahwere alimfungia maharagwe kwenye kitambaa. Gustave aliupima mzigo mkononi.

"Kidogo hii."

Vahwere akaongeza makopo mawili. Si matatu.