Malaria Inayotokea Mdomoni

Shule niliiacha mapema isije ikanichelewesha, na bado juzi, kwenye dirisha la dawa la zahanati moja hapa Lipangalala, nilielewa kila kitu. Mbele yangu alisimama jamaa anayefunga ndoa Jumamosi, leso mdomoni.

“Dada, hivi vidonge vya nini? Hii si malaria inatoka?”

“Ulipima?”

“Sijapima,” akashusha leso, “ila si unaiona inatoka?”

Dada wa dawa akamtazama mdomo bila kucheka. “Hayo ni malengelenge ya virusi, kaka, na huwa yanarudi. Siku nyingine mdomo ukianza tu kuwasha, wahi vidonge siku hiyohiyo.”

“Jana uliwasha. Mama akasema homa ikitoka usiifungie mlango.”

“Anza kumeza leo, yatawahi kupona. Ila usimbusu mtu mpaka yakauke.”

“Mchungaji akisema nimbusu bibi harusi?”

“Mpe mkono.”

Jamaa akageuka aondoke. Mlangoni akaingia mchumba wake, upindo wa kanga mdomoni.

“Beibi, na mimi malaria inanitoka.”

Mama wa jamaa hakukosea. Malaria ilitoka kweli, na ilipohamia tumepaona.