Maji Kwenye Kimono ya Mkwe

Veneranda, fundi cherehani wa Rågsved, kitongoji cha Stockholm, hakuwa na simile na mteja. Ukimpelekea kitambaa kifupi ukataka gauni na kilemba, alikuambia waziwazi, "Nenda kapunguze mwili kwanza, ndugu yangu." Watu walinuna, kisha wakarudi, maana kazi yake ilikuwa safi. Siku hizi alijulikana zaidi kwa kimono kuukuu za hariri, yale majoho ya Kijapani. Alizifumua polepole, akazigeuza makoti na sketi za kuvalia ofisini.

Asubuhi hiyo ujeuri wote ulimwisha.

Mezani palikuwa na koti la Isra, limebaki pasi tu. Isra alizaliwa hapa hapa, wazazi wake watu wa Tanga. Mchumba wake, Malik, baba yake Mzanzibari na mama yake Mjapani. Kimono iliyofumuliwa ilikuwa ya marehemu bibi yake Malik, mzaa mama. Mama yake Malik alimpa Isra huku analia: ishonwe koti, mkwe wake alivae siku ya posa. Na posa ilikuwa kesho.

Sasa, Veneranda alijifunza ufundi Bukoba, kwenye baraza la duka, kwa pasi ya mkaa. Kule fundi hupiga funda la maji akalipuliza juu ya nguo, fyuu, ndipo apitishe pasi. Pasi ya mvuke alikuwa nayo, lakini mdomo umeshazoea. Akaona kunyanzi kwenye mkono wa kulia wa koti, akapiga funda, akapuliza.

Hariri ikaanza kurudi mbele ya macho yake. Ikajikunja, ikapanda, kama jani lililoangukia motoni. Akakandamiza pasi kwa woga, ikawa mbaya zaidi. Akavuta, akasikia uzi unalia ndani, akaachia upesi. Mkono ulikuwa umepanda karibu shubiri nzima, na mabaki ya kitambaa yalikuwa vipande vya upana wa kiganja, visivyotosha kushona mkono mwingine.

Gladness, binti yake, akachungulia, akamuuliza kwa Kiswidi amefanya nini. "Mamma, vad har du gjort?"

"Nimefanya unachokiona. Usinisemeshe."

"Mwambie Isra ni mashine ya kufulia ya jengo, ya huko chini."

Veneranda akazima pasi. Uongo ule aliuona mtamu, na hilo nalo likamtisha. Kengele ya mlango ikalia.

"Shikamoo, Mama Gladness!" Isra aliingia na tabasamu, ushungi umemkaa vizuri.

"Marahaba." Akamvutia kiti. "Mwanangu, kaa. Nimeharibu koti lako. Nimelipulizia maji mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu."

Isra aliushika mkono ule mfupi. Aliukagua upande huu na huu mpaka Veneranda akatamani atukanwe.

"Na wa kushoto?"

"Mzima."

"Uloweshe."

"We mtoto, una wazimu? Hariri ya marehemu hii! Ikichanika je?"

"Mikono mifupi miwili ni mtindo, mama. Mmoja ni ajali. Ndani nitavaa blauzi ya mikono mirefu, kwani mimi nilikuwa nitoe mikono nje?"

Wakaulowesha kwenye beseni. Gladness ndiye aliyeshika futi ya kupimia. Hariri ikarudi, ikapanda, ikasimama karibu sawa na mwenzake. Haikuchanika. Walipoikausha kwa taulo, Isra akavaa, akajipiga picha, akaanza kuandika kwenye simu.

"Unamwandikia nani?"

"Mama mkwe. Namweleza ukweli wote. Akija kuona kesho mbele ya wageni, mimi nitakufa."

"Subiri kwanza, tufikirie—"

"Nimeshatuma."

Wakakaa wanaitazama simu. Ilionyesha mama yake Malik anaandika. Akaacha. Akaandika tena. Akaacha tena. Veneranda alimfikiria mwanamke asiyemjua, amekaa jikoni kwake mtaa wa Vårby gård, anaangalia picha ya nguo ya mama yake.

Jibu likaja. Isra akalisoma kwa sauti ndogo: "Lileteni sasa hivi. Nataka kulishika. Na huyo fundi aje."

"Mimi?" alisema Veneranda. "Mimi wa nini?"

"Mama, vaa viatu," alisema Isra.

Akavaa. Kwenye treni alilipakata koti ndani ya taulo, mikono yake ameiweka pembeni asiliguse, na kila stesheni iliyotajwa aliona imekuja mapema mno.