Mtani na Vyumba Tisa

Kila Jumapili mchana, duka la vifaa vya ujenzi la rafiki yangu likishafungwa, tulikaa watatu juu ya mifuko ya saruji tukacheza. Rafiki yangu ni Mhindi wa hapahapa Kibiti, na baba yake pia kazaliwa hapa. Alirudi kutoka masomoni Dar na kitabu kinene na dadu za pande nyingi. Mchezo wenyewe ni wa kusimulia: kila mtu ana mhusika wake katika nchi ya kubuni yenye majoka na wafalme, unasema anafanya nini, dadu inaamua kama ameweza. Wa tatu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa kukubali kila kitu. Mimi ni fundi cherehani, na sikubali ovyo.

Kitabu kilitaka kila mhusika ajulikane ni mtu wa namna gani. Rafiki yangu akachora vyumba tisa kwa chaki sakafuni: huku wema, huku uovu, juu washika sheria, chini wavunja sheria, na wasioelemea popote katikati. Kila mmoja achukue nati moja ya dukani aiweke panapomhusu mhusika wake. Mwalimu akaiweka yake kwa mwema mshika sheria, na nani angetegemea jingine? Mimi nilibaki na nati mkononi, maana mhusika wangu alikuwa mtani.

Mfalme wa nchi ile akafa. Mtani wangu akaingia msibani, akamvua maiti taji, akalivaa yeye, akawa anatembea kwa kuchechemea kama marehemu, huku anamwambia malkia anyamaze, analilia nini, mume mwenyewe alikuwa mchoyo hata wa mboga. Jeneza lilipotaka kutoka akajilaza mlangoni mpaka apewe kitu. Rafiki yangu akasimamisha mchezo. Akasema huyo ni mwizi, anawatesa wafiwa, na nati yangu akaisukuma kwa mwovu mvunja sheria, kule pembeni kabisa.

Nilipandwa na hasira, wallahi. Utani wa kurushiana maneno sokoni aliujua vizuri, lakini wa msibani hakuwahi kuuona. Nikamwambia mtani havunji sheria, asipokuja ndipo sheria imevunjika, na watu watamsema mpaka kaburini kwake. Anaiba kwa sababu anaruhusiwa, anatukana ili mfiwa acheke, na mfiwa akicheka atakula. Sasa mwambie mwenye kitabu chako amtafutie chumba. Mwalimu akasema kila mmoja ana hoja. Nikamwambia anyamaze.

Tulibishana hivyo Jumapili nyingi, na nati yangu ilihamahama. Ila kwangu haukuwa mchezo tu. Mama yangu kule Mahege alikuwa anaumwa, na masika yale maji yalipofunika mashamba ya mpunga ndipo alipozidiwa. Siku moja nikiwa namkanda miguu aliniambia, "Siku yangu asikose mtani. Baba yako asipotaniwa hatakula." Nikamwambia aache maneno hayo. Lakini nilijua ni kweli. Alipokufa babu, baba alikaa bila kula mpaka bibi mmoja wa ukoo wa watani wetu alipomvalia kanzu ya marehemu na kumwambia sasa mimi ndiye baba yako, nipishe kiti. Baba alicheka huku analia, kisha akaomba wali.

Yule bibi amekwishafariki. Amebaki binti yake, naye nilimpigia simu mapema, mama angali hai, Mungu anisamehe. Akanipa pole nyingi na kusema atakuja.

Na kweli mama alipofariki alikuja. Alivaa baibui safi, akakaa na wanawake, akalia kwa adabu, akamshika baba mkono na kumwambia amwachie Mungu. Nikamvuta uani nikamuuliza vipi. Akasema walikwishakatazwa msikitini mambo yale, na yeye mwenyewe sasa anaona haya, watu watamwonaje. Mwema mshika sheria, jamani, chumba chake kilikuwa kinamngoja.

Jeneza likatolewa. Mlangoni palikuwa peupe, hakuna aliyejilaza. Mimi nisingeweza, mtoto hamtanii mzazi wake. Rafiki yangu alikuwa amesimama karibu kabisa na kizingiti, na alijua kila kitu, kwani nilimfundisha mwenyewe juu ya mifuko ile ya saruji. Nilimtazama. Alinitazama, kisha akainamisha macho, akapisha. Watu wakasema msiba umekwenda kwa heshima sana.

Jumapili iliyofuata nilipita dukani. Vyumba vilikuwa bado sakafuni, na nati yangu alikuwa ameihamishia kwa mwema. Aliniambia, "Dada, nilitaka kujilaza pale. Lakini mimi si mtani wenu. Ningekuwa Mhindi tu anayetukana maiti yenu."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililonichoma. Kitendo ni kilekile, maneno ni yaleyale, lakini anayeruhusiwa hataki na anayetaka haruhusiwi. Nikamwambia aifute chaki yake. Sijarudi kucheza, na mwalimu naye, nasikia, amehamishwa.

Mashamba yalipokauka, baba hakwenda kupanda. Nimemchukua nikae naye Kibiti. Nampikia kambale wa nazi aliokuwa akiwapenda, anamega tonge moja, ananawa. Nimeita shehe akamsomea, nimeita wadogo zake wakamsihi. Wote wana upole mwingi, wote wanampa pole, naye anaitikia amina kwa kila mmoja.

Juzi niliweka sahani mbele yake nikamwambia ale, asipokula ataniumiza. Akaitazama mpaka mvuke ukaisha, kisha akaisogeza kwangu taratibu.

"Mwanangu," akasema, "alizikwa mke wangu, na hakuna hata mmoja aliyenitukana."