Mafuta ya Kondoo kwenye Breki

Jumapili, tarehe nne Mei. Alfajiri mvua ilinyesha kidogo, ile ya kulowesha vumbi tu na kuliacha linuke, na kufikia saa nne jua lilikuwa limeshakausha kila kitu isipokuwa maji kwenye karai la vyombo. Nimerudi kutoka Kakuma jioni hii. Naandika sasa kabla sijaanza kujibadilishia maneno, maana najijua.

Mume wangu alifariki mwaka jana, akaacha gari. Si gari la kujivunia. Ni stesheni wagoni kuukuu alilobebea mizigo ya watu kati ya Lodwar na Kakuma, na wageni wa Eliye Springs, ufukoni mwa ziwa, wakipatikana. Mama yake alikuja hapa Nawoitorong, pembeni mwa Lodwar, kwa mazishi, na watu walipotawanyika yeye hakuondoka. Hatukujaliwa mtoto. Kwa hiyo tulibaki wawili, mama mkwe na mimi.

Marehemu alinifundisha kuendesha, na alinifundisha habari ya breki. Nyuma ya rimu za mbele kuna sahani ya chuma ambayo mafundi wanaiita diski. Ukikanyaga breki, pedi zinaibana hiyo sahani na gari linasimama. Pale zinapobana hapana rangi wala hapapakwi kitu, ndiyo maana pakilowa panashika kutu upesi. Yeye akitoka ziwani alisuuza magurudumu kwa maji ya bomba, kwa sababu maji ya ziwa yana chumvi, lakini hakuegesha hapo hapo. Alizunguka mtaa akikanyaga breki kidogo kidogo mpaka zikauke. Na kama gari lingekaa siku nyingi hakuvuta hendibreki. Aliingiza gia, akaweka jiwe mbele na nyuma ya gurudumu, ili pedi zisigande.

"Kutu ya usiku mmoja si ugonjwa," alikuwa akisema. "Itembeze, itatoka. Ukiiacha mwezi, hapo inakula chuma."

Niliyashika maneno hayo, pengine kupita kiasi. Kila Jumapili baada ya kanisa nilitoa gari, nikafuata barabara ya Lorugum mpaka nyumba zinapokwisha na mbele kidogo, nikakanyaga breki polepole mahali pasipo na mtu, nikageuza, nikarudi. Mwanzoni sahani zilikwaruza, halafu zikanyamaza. Zikinyamaza nilijisikia kama nimefanya kazi ya mtu mzima. Sina hakika kama ilikuwa ni kwa ajili ya breki tu. Kwetu ni Lorugum, lakini hata siku moja sikufika. Sina tena wa kumfikia. Nafikiri nilipenda kuwa mahali ambapo kuwa peke yangu kulikuwa na sababu.

Jirani yetu, mama anayekaanga mandazi mbele ya lango, hakukosa neno.

"Leo tena? Unaenda wapi?"

"Kukausha breki."

"Breki zako zinalowa kila Jumapili na mvua hakuna. Sema tu, mama. Ana gari au ana pikipiki?"

Wateja wake walicheka, na mimi nilicheka nao. Lazima niseme kwamba si mwanamke mbaya. Siku za matanga ndiye aliyewasha jiko langu wakati mimi sikukumbuka kwamba watu hula. Lakini mama mkwe alikuwa ameketi kivulini akisuka kikapu cha mkoma, na yeye hakucheka. Kiswahili anakisikia kuliko anavyokisema.

Baada ya Pasaka aliniambia anataka kwenda kwa binti yake Kakuma.

"Kwa muda gani, mama?"

"Nikifika nitajua."

Maneno yake ni ya Kiturkana. Hapa nayaleta kwa Kiswahili, na kama nimeyapunguza au kuyatia chumvi, kosa ni langu. Hakusema hata kidogo kwamba naenda kwa mwanamume. Lakini mimi nilibaki na swali. Mwanamke asiye na mume wala mtoto, watu wa mume wanamwita nani? Yeye peke yake ndiye aliyekuwa bado ananiita mke wetu. Kama anaondoka kwa sababu ameamini mzaha wa langoni, basi jina hilo anaondoka nalo. Ningemuulizaje? Kujitetea kabla ya kushtakiwa ni nusu ya kukiri. Nilisema tu kwamba nitampeleka mwenyewe Jumapili.

Alhamisi asubuhi nilimkuta mbwa wa jirani analamba gurudumu la mbele. Nilimfukuza. Akazunguka, akaanza kulamba la upande wa pili. Niliinama, nikanusa: nyama choma. Nikachungulia kwenye matundu ya rimu, nikaona sahani inang'aa kama uso wa bibi harusi.

"Ni mafuta ya mkia wa kondoo," mama mkwe alisema nyuma yangu. Mkononi alikuwa na kijiti alichokifunga kitambaa kwenye ncha. "Nilipaka jana jioni. Chuma cha mtu ambaye hayupo hakiachwi kikavu. Baba yake alipokuwa mbali na ng'ombe, mkuki aliouacha nyumbani niliupaka mimi, na haukuota kutu. Sasa gari halina haja ya kutembea Jumapili."

Hilo neno la mwisho nimelipima tangu Alhamisi na bado sijui uzito wake. Huenda alitaka kunifungia lango. Huenda pia aliniona nikitoka kila wiki na uso wa huzuni, akataka kunipunguzia mzigo kabla hajaenda. Yote mawili yanawezekana kwa mtu mmoja, na mimi sikumuuliza.

Jambo nililolijua ni moja tu: gari lenye mafuta kwenye diski halisimami. Kati ya hapa na Kakuma kuna mbuzi, ngamia na watoto wa shule wanaovuka barabara. Sikuliwasha. Nilimpigia simu fundi, kijana wa hapa hapa Lodwar aliyekuwa akimtengenezea mume wangu.

Alipoondoa gurudumu la kwanza alinusa, halafu akasema, "Mama, hii gari mmeitengeneza ama mmeipika?"

"Kuna mafuta kidogo," nilisema.

"Kidogo? Hapa inakosa chumvi tu. Nani alipaka?"

"Tulipaka," nikajibu.

Mama aliinuka pale kivulini. "Mimi," akasema kwa Kiswahili. "Yeye alilala."

Fundi aliacha kucheka. Alimwita karibu, akamwonyesha kwa kidole bila kugusa. "Shosho, hii chuma haitaki mafuta. Hii inataka kusuguliwa. Ukipaka hapa, mguu unakanyaga na gari inaenda tu. Hata kidole changu chenye grisi siwezi gusa."

"Chuma gani hicho kinataka kusuguliwa kila siku?"

"Cha breki."

"Na kikisuguliwa hakiishi?"

"Kinaisha, shosho. Pole pole. Ndiyo kazi yake."

Mama alifikiri. "Basi kina tabia ya mwanamke," alisema kwa Kiturkana, na fundi, ambaye ni mtoto wa hapa, alicheka mpaka akaangusha spana.

Alinyunyizia diski dawa ya kusafishia breki, akazifuta kwa kitambaa safi, akarudia mpaka kitambaa kikatoka kama kilivyoingia. Nilimuuliza kama mafuta ya taa yangefaa, maana yapo ndani. Akasema hapana, nayo yanaacha mafuta yake. Joto la Lodwar lilikuwa limeyeyusha yale ya kondoo mpaka yakaingia kwenye pedi za upande mmoja, na pedi ikishakunywa mafuta haioshwi, inatupwa. Akabadilisha za pande zote mbili, kwa sababu zikitofautiana gari litavutwa upande mmoja ukikanyaga.

"Kesho jaribu mahali hakuna watu," aliniambia. "Mwendo mdogo, kanyaga kidogo, achia, kanyaga tena. Ikishika sawa ndio uende Kakuma." Halafu akamgeukia mama. "Shosho, bawaba za milango zinalia. Hizo ungepaka, ningekuajiri."

Mahali pasipo na watu ninapajua. Ijumaa nilitoa gari, na mama akafungua mlango wa mbele akaketi.

"Nataka kuona," alisema.

Hakuwa amewahi kuja nami hata mara moja. Tulipita nyumba za mwisho. Nilikanyaga breki, nikaachia, nikakanyaga. Zilishika vizuri, pande zote sawa. Nilifika pale ninapogeuzia, kwenye mti mmoja wa miiba, nikasimama.

"Ni hapa?"

"Ni hapa."

Aliangalia kulia, akaangalia kushoto. Mchanga, mawe, upepo.

"Halafu?"

"Halafu narudi."

Nilitazama usukani, sikuweza kumtazama yeye.

"Ulikuwa unakuja hapa peke yako," alisema. Nikaingiza gia, nikageuza gari.

Langoni jirani alikuwa na karai lake la mandazi. "Leo mmekwenda wote? Mama, umemwona?"

"Nimemwona," mama akamjibu kwa Kiturkana, taratibu, akishuka. "Ni mti. Ana miiba mpaka kichwani na kivuli hana. Ukimtaka nitakupeleka."

Watu walicheka, safari hii upande mwingine, na jirani mwenyewe alicheka akafunika mdomo kwa upindo wa leso. Baadaye alileta mandazi manne kwenye sahani na hakudai kitu. Hilo nalo niliandike.

Usiniulize nilitumaini nini Ijumaa hiyo. Nilitumaini angesema haendi tena. Jana alishinda uani na mkebe wake wa mafuta, akipaka bawaba za milango, za gari, za lango na za nyumba. Halafu akafunga vitu vyake.

Leo tuliondoka baada ya mvua. Njiani, karibu tumalize safari, ndipo aliposema binti yake anauza mboga kwenye kambi ya wakimbizi kutwa nzima na watoto wanabaki na jirani, mama mmoja wa Sudan Kusini mwenye watoto wake wa kutosha.

"Kwa nini hukuniambia, mama? Nilidhani..."

"Najua ulivyodhani."

"Tungewaleta Lodwar."

"Ndiyo maana sikukuambia. Ungewaleta."

Sikujua kama hiyo ni sifa au ni lawama. Labda alikuwa anaondoka kwa ajili ya watoto tangu mwanzo, na maneno ya langoni nilikuwa nayapalilia mimi tu. Labda yalikuwemo kidogo. Sitaki kumhukumu kwa kitu ambacho nilikisikia kwa masikio yangu mwenyewe na si kwa mdomo wake.

Kakuma watoto walimkimbilia wakimwamkia ejok, ejok, wakampokea kikapu. Binti yake alinipa chai ya maziwa na akaniomba nilale. Nilisema gari lina mizigo ya watu kesho, ingawa hakuna mizigo. Mama alinisindikiza mpaka garini. Aliinama akachungulia kwenye rimu kama fundi, bila kugusa.

"Mke wetu," alisema. "Kule kwenye mti hakuna mtu. Hizi sahani zikitaka kusuguliwa, barabara ya huku pia ni barabara."

"Ni mbali, mama. Petroli si maji."

"Sikusema kila Jumapili."

Nilirudi na kiti cha pembeni kitupu. Mara mbili nilipunguza mwendo kwa ajili ya ngamia, na breki zilishika bila sauti. Nilipofika nilifungua mlango wa gari, kisha lango, kisha mlango wa nyumba, na hakuna hata mmoja uliolia. Zamani milango hiyo ilimwambia aliyemo ndani kwamba nimeingia. Nilisimama kidogo sebuleni. Halafu nikatoka tena kuweka mawe kwenye magurudumu, hendibreki nikaiacha chini.

Mkebe wa mafuta aliuacha juu ya kabati, umefunikwa, umebaki robo. Nilikaanga sukuma wiki kwa mafuta hayo, nikasonga ugali. Kwa mazoea nilisonga wa watu wawili. Nilikula sehemu yangu, na iliyobaki alikula mbwa wa jirani.