Samaki wa Mama Mkwe

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikifika Beni tu, najihesabu msafiri. Basi dada wa mke wangu aliporudi Butembo kutoka Ulaya na sanduku la barafu lenye samaki wawili wabapa wa bahari, mke wangu alianza kucheka kabla sijafungua mdomo.

"Moja ni sole, ingine turbot," shemeji akasema. "Mais, lakini gani ni gani, nimesahau."

Jambo lilikuwa zito. Mama mkwe alikuwa anakuja kutoka Musienene kula kwetu kwa mara ya kwanza, na katika kanisa lao hawali samaki asiye na magamba. Sole anayo, turbot hana. Nikikosea, mama atakula viazi vitupu nyumbani kwa mkwe wake.

Nikauliza simu. Sole, ikasema, macho yake yote mawili yako upande wa kuume. Turbot, wa kushoto. Nikamlaza mmoja, kichwa kikaangalia kushoto. Nikamzungusha, kikaangalia kulia.

"Papa batoto," mke wangu akaniambia mimi, baba wa watoto wake, "njia ya Musienene yenyewe unaulizaka. Leo unajua ya bahari?"

Nikapapasa ngozi: wote wawili wanakwaruza! Ndipo nikasoma mpaka chini: mlaze macho juu, tumbo likuelekee wewe, kisha tazama kichwa. Yule mrefu kama ulimi, kulia. Yule wa mviringo, kushoto. Nikawakwangua kwa kisu. Mrefu akaacha magamba madogo. Wa mviringo alikuwa na vinundu vigumu tu, havibanduki. Magamba nikayatunza kwenye kisahani.

Mama alipofunua chakula, akainama kumkagua samaki. Mke wangu alikuwa amempakua sole upande mweupe juu.

"Mukwe, samaki yako haina macho?"

"Iko nayo, mama. Yote mbili upande moja."

Nikamgeuza samaki, nikasogeza kisahani. Akachukua gamba moja, akalipeleka dirishani. Mke wangu alisimama mlangoni na viazi, tayari kwa lolote.

"Ni magamba," mama akasema. Akasali, akala mpaka mifupa ikabaki myeupe. Kisha akanyoosha kidole kwenye sahani yangu. "Na ile ya nene?"

"Ile hapana, mama. Haina magamba."

"Donc kumbe ya nene mumejibakishia!"

Alipokuja tena, nilimpikia tilapia, jicho moja kila upande, nikakaa kwa amani. Akamtazama samaki, akanitazama mimi.

"Mukwe, ile ya macho ya upande moja iko wapi?"