Redio Tulizoziwasha Kabla ya Kibali

Mume wangu alifia duarani, kwenye shimo la dhahabu upande wa Geita. Alikufa kwa maji. Wenzetu wa duara la juu walitoboa shimo la zamani lililojaa maji ya mvua, wakamtuma mtu akimbie kutuambia. Alikimbia kweli, lakini maji yalimtangulia. Simu pale hazishiki, mlima umekaa katikati.

Ndiyo maana kikundi chetu cha wachimbaji wadogo kilichanga kununua redio koli sita. Mfanyabiashara mmoja wa Kahama alituagizia kutoka nje, za mkononi, za masafa ya aina mbili: ya uwandani na ya penye vizuizi kama mlima. Hatukujua kwamba redio ya namna hiyo haiwashwi mpaka mamlaka ya mawasiliano iipime na kuiidhinisha. Tulidhani ni kama tochi, ukitia betri basi.

Niliziwasha mimi. Siku ya tatu baada ya kuzipokea nilimwachia mama mkwe moja nyumbani, nikashuka na nyingine hadi duarani. Nikabonyeza. "Mama, unanisikia?"

Alijibu kwa sauti ya kuita ng'ombe, akinisalimu Kisukuma kama mwanawe. "Mwangaluka, ng'wana wane! Mmeamkaje huko?" Akaendelea, maana kwetu humwambii mtu jambo kabla hujamsalimu yeye, watoto wake na mifugo yake. Kidole chake hakikutoka kwenye kitufe. Mwisho akasema, "Ukirudi pitia chumvi." Nilikaa juu ya kifusi nikalia, na si kwa huzuni tu. Mlima ulikuwa palepale na sauti ilipita.

Wiki ileile tukasikia kuna watu wamenyang'anywa redio za kwao kwa kukosa kibali. Katibu wa kikundi akajaza fomu, akanichukua mimi mtunza vifaa, tukaenda ofisi ya mamlaka Mwanza na redio zote. Fomu iliuliza kama vifaa vimeshatumika. Alikuwa ameandika hapana.

"Dada, wewe nyamaza tu," aliniambia njiani. "Wakizitaifisha, mvua hizi tutaambiana kwa miluzi?"

Nilinuia kunyamaza. Lakini afisa alipotusogezea fomu, niliona mahali pa sahihi ya mtunza vifaa ni pangu. Sikusoma kupita darasa la saba, ila neno hapana nalijua.

"Nimeziwasha, baba," nikasema. "Mbili."

Katibu akaanza kukohoa. Afisa akaweka kalamu chini. "Ukaongea na nani?"

"Na mama mkwe."

"Alisema nini?"

"Alinisalimia."

"Muda gani?"

"Baba, ni Msukuma yule."

Alicheka mpaka akavua miwani. Alipoivaa tena hakuwa anacheka. "Mama, masafa yale yana wenyewe. Pengine ni gari la wagonjwa linaita na wewe umelizuia."

Hilo sikuwa nimelifikiria hata kidogo, kwamba mtu mwingine angeweza kukosa kusikika kwa sababu yangu. Nikamweleza mume wangu alivyokufa. Sikuomba huruma, nilitaka ajue za nini. Alisikiliza, akakata hapana, akaandika ndiyo, akazibakiza zote sita zikapimwe.

Nje katibu akasema, "Umetuzika, dada." Kisha akakumbuka anamwambia nani. Akageuka, akatangulia kituo cha basi.

Mawingu yalianza kukusanyika na jibu halijaja. Wenzangu walishuka duarani kama kawaida, maana njaa haisubiri kibali. Hakuna aliyenitukana, ila nilipofika walipo, walichukua sururu zao wakaondoka. Usiku nilijiuliza kama ukweli wangu utanizikia mtu wa pili.

Mwishowe mamlaka ikatuita. Tulipewa onyo la maandishi kwa zile mbili nilizowasha, kisha cheti. Redio zote sita zilikuwa zimepita, zimefungwa kwenye masafa tuliyopangiwa sisi, kila moja na kibandiko chake. Afisa akatufundisha kwamba penye hatari mtu ataje hatari kwanza, salamu baadaye. Nikaweka sahihi.

Kwenye basi katibu alipakata boksi la redio. Akalifuta vumbi, akasema, "Dada, nisamehe."

"Shika vizuri lisianguke," nikamwambia.

Nilisinzia kabla hatujavuka ziwa. Aliniamsha tumeshafika Geita, abiria wote wameshashuka. Tangu msiba sikuwa nimelala hivyo.